Mama kwenye Shuka Jeupe

Kama kuna mtu aliyeyapenda maonyesho ya sanaa kuliko mimi katika Lushoto ya miaka ile, mimi sikukutana naye. Walimu wenzangu walikuja mara moja, wakasikiliza hotuba ya ufunguzi, wakanunua mapichi sokoni, wakarudi majumbani kwao kupika. Mimi nilikuwa nakwenda kila siku, nikitoka darasani na chaki bado iko vidoleni, na mume wangu nilimwambia nakwenda kikaoni. Vikao wakati ule vilikuwa vingi, vya chama, vya kisomo cha watu wazima, vya shamba la shule, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa naona aibu njia nzima kwenda, na nikishaingia ukumbini aibu yote inaisha. Ndivyo nilivyo, nisijisafishe.

Azimio lilikuwa limetangazwa si muda mrefu, na kila kitu kilikuwa cha wananchi. Mashamba ya wananchi, duka la wananchi, na sasa sanaa nayo ya wananchi. Maonyesho yale yaliletwa na vijana wachache kutoka Dar es Salaam. Hawakuwa watumishi wa serikali. Walikuwa marafiki waliosoma pamoja, wakajikusanya, wakaazima projekta na jenereta, wakaja kuomba ukumbi wa chama. Michoro waliitundika kwa vibanio kwenye kamba ya katani. Uani wazee walicheza mdumange, wazee walewale ambao mchungaji aliwahi kuwatenga kanisani kwa ajili ya ngoma hiyohiyo, na sasa mkuu wa wilaya alikuwa amekaa kitini anawapigia makofi. Mchana, baada ya ngoma, tuliingia ndani kutazama picha za sinema.

Madirisha yalizibwa kwa mablanketi yaliyoazimwa kwenye bweni la wavulana, na ukumbi mzima ukanuka mablanketi hayo. Tulikaa kwenye mabenchi, wanaume mbele, wanawake nyuma, kama kanisani lakini kwa mpangilio mwingine. Ukutani walikuwa wametandaza shuka jeupe.

Sinema hatukuwa wageni nayo. Gari la serikali lilikuwa likipita na kutuonyesha jinsi ya kuchemsha maji, kuchimba choo na kupalilia pamba, na pamba kwetu milimani hailimwi. Kulikuwa na bwana mmoja asiyeonekana, anatusemesha mwanzo hadi mwisho kana kwamba sisi ni viziwi. Hizi picha za vijana hazikuwa na yule bwana. Ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya fundi baiskeli. Anatoa mpira, anauzamisha kwenye karai la maji, viputo vinapanda, anaweka kidole pale penye tundu, anaufuta, anapaka gundi, anasubiri ikauke. Basi, hiyo ndiyo picha yenyewe. Mzee mmoja wa mbele akauliza kwa sauti, "Sasa hii inatufundisha nini?" Mwenzake akamjibu, "Kuziba pancha," watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalia, na hadi leo sijui vizuri nilikuwa nalilia nini. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyetuambia tufanye nini. Tulitazamishwa mtu akifanya kazi yake, tukaachwa.

Aliyeshika kamera katika kundi lile alikuwa msichana, rika langu, mrefu, amesuka twende kilioni, sauti ya chini. Nilimng'ang'ania. Nilimpelekea chai, nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Siku yao ya mwisho akaniuliza mimi: je, huku kwenu kuna kazi gani ambayo haijawahi kuonyeshwa popote? Naye, mwana wa watu, aliuliza tu.

Nikamwambia mama yangu anafinyanga vyungu.

Hapa inabidi nieleze, maana hata Lushoto kwenyewe siku hizi wapo wasiojua. Mama alikuwa upande wa Vuga, na udongo wake ulichimbwa bondeni, kwenye shimo ambalo bibi yake alilichimba kabla yake. Pale mwanaume hafiki. Hata mtoto wa kiume akishaacha kunyonya haendi. Wanawake wakishuka kule wanafunga kanga juu, wanaingia kwenye tope, na wanaimba nyimbo ambazo haziimbwi mahali pengine, maana zinawasema waume na mambo ya waume. Mama yangu alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, mwanakwaya, mtu wa kuvaa kitambaa kichwani hata jikoni kwake. Lakini shimoni alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo, na nilipokuwa mdogo nilimpenda zaidi kule kuliko kanisani.

Tukaenda, mimi na yule dada, na vijana wawili wa kundi lake wa kumbebea vyombo. Mama aliwaona vijana kwa mbali akawasimamisha barabarani, karibu na kanisa, akawapelekea ndizi za kuchoma na kuwaambia wasisogee. Yule dada akampigia goti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye utakayenitazama?" "Ndiyo mama." Mama akanigeukia mimi. "Ni huyu peke yake? Hakuna mwanaume nyuma yake?" Nikamwambia, "Hakuna, mama. Ni huyu peke yake."

Neno hilo lilikuwa la kweli na lilikuwa la uongo, na nililijua hivyo wakati linanitoka mdomoni.

Mama alizijua picha za kusimama. Ukutani kwangu kulikuwa na ya harusi, watu wote wamenyooka, mikono imeshikwa mbele, macho yametolewa. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa picha: unaambiwa, unavaa, unasimama, unajua. Gari la serikali lilikuwa halifiki kwao kwa ubovu wa barabara, sinema hakuwa ameiona hata mara moja. Huyu dada hakumwambia asimame. Alikuwa anamfuata na kile kidude jichoni na kisanduku cha tepu begani, kimya, naye mama akamchukulia ni mwanamke anayemwangalia kwa jicho la kike, kama tulivyokuwa tunamwangalia sote pale. Shangazi zangu nao walifikiri hivyo. Wanawake wa bonde lote walifikiri hivyo, na msichana wa Dar es Salaam asingeweza kujua kwamba wanafikiri hivyo. Mtu mmoja tu pale shimoni aliyajua mambo ya pande zote mbili, naye alikuwa amekaa ukingoni anatabasamu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilitaka kuiona. Nilijua nikisema tu "mama, hii wataiona na wengine," angeshusha kanga, angefunga kitambaa vizuri, na angeanzisha wimbo wa kitabuni. Ingekuwa picha ya harusi yangu kwa mara ya pili. Mimi nilimtaka yule mama wa shimoni, nilitaka nimwone mkubwa kwenye shuka, niketi gizani nimtazame. Tamaa yangu ilikuwa hiyo, siwezi kuipa jina zuri zaidi.

Vijana wakaondoka na mikanda yao, na ukapita karibu mwaka. Katika mwaka huo nilishika mimba, ya kwanza, baada ya watu kuanza kunong'ona. Mama alifurahi mpaka akawa ananitumia salamu na kila mtu anayeshuka Soni. Kwetu mtoto wa kwanza, mama mzazi ndiye anayekuja kumkanda bintiye. Anakaa naye, anampikia uji, anamkanda kwa maji ya moto mpaka mwili urudi. Mimi nilikuwa mtu mwoga wa kuzaa, niseme kweli, na nilikuwa nalala na kuamka na wazo hilo moja, kwamba mama atakuja.

Halafu vijana wakarudi na maonyesho yao, na yule dada akaja mpaka shuleni kuniambia picha ya mama imeiva.

Sasa mume wangu. Alikuwa seremala, mpole, mrefu kupita milango anayoitengeneza. Habari za vikao vyangu alikuwa ameshazijua zamani, akacheka tu, na mara hii akasema na yeye anakuja, aone hicho kinachomtia mkewe wazimu. Huyu mtu alikuwa na heshima kwa mama yangu kuliko wakwe wote ninaowajua. Akikutana naye njiani alikuwa anaingia kwenye mahindi, anachuchumaa, anamwamkia kutoka humo macho yakiwa chini. Hakuwahi kula mbele yake. Akiwa na neno la kumwambia, analipitisha kwangu hata kama mama amesimama palepale. Ndivyo mkwe anavyomheshimu mkwe huko kwetu, na wao wawili walikuwa wanapendana sana kwa njia hiyo.

Nami nikamwita mama. Nikamtumia ujumbe aje Lushoto, kuna kitu chake cha kuona.

Nilipanga kila kitu. Mume wangu aingie kwa mlango wa mbele na akae na wanaume. Mama aingie kwa mlango wa uani nami tukae nyuma na wanawake. Waingie kwa nyakati mbalimbali wasije wakagongana mlangoni. Tazama jinsi nilivyokuwa mwangalifu. Niliwatenganisha kwa ukumbi mzima ili mkwe asimtazame mkwe, na mbele yao wote wawili kulikuwa na shuka. Nikisema nililisahau shuka nitakuwa naongeza dhambi juu ya dhambi. Nililikumbuka. Nilijiambia labda hawatamtambua, labda itakuwa kwa mbali, labda ni mikono tu na chungu.

Haikuwa mikono tu. Ilianza na bonde na umande, halafu mama akatokea, kanga imefungwa juu ya mapaja, tope limemfika magotini, anaparura udongo kwa jembe fupi na kuutupa nyuma. Wimbo ulikuwa umenaswa kwenye tepu na ulikuwa wazi, kila neno. Mama aligeuka, akatupa kichwa nyuma akacheka, na kitambaa kikamtoka kichwani asikijali. Alikuwa mzuri. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, wala kabla wala baada, na nilifurahi mpaka mtoto akacheza tumboni. Pembeni yangu mama alikuwa ametulia kabisa. Nilifikiri na yeye anafurahi.

Mume wangu akasimama. Alikuwa ameketi mbele kabisa, na kutoka ilikuwa lazima apite kwenye mwanga. Akapita ameziba macho kwa mkono, na kivuli chake, kirefu kama alivyo mwenyewe, kikapita juu ya mapaja ya mama yangu pale kwenye shuka, taratibu, kwa sababu alikuwa anapapasa haoni anakokwenda. Vijana waliosimama nyuma wakaangua kicheko. Mtu mmoja akasema, "Huyo si mkwewe?" Kicheko kikakatika. Watu walielewa wote kwa wakati mmoja, wanaume wakainamisha vichwa, na wimbo ukaendelea wenyewe ukiwasema waume.

Unajua nilifanya nini? Niliendelea kutazama. Nilisikia kanga ya mama ikivutwa, nilijua anajifunika uso, nilijua anainuka. Ningeweza kuinuka naye. Lakini kwenye shuka alikuwa ameshaanza kufinyanga, alikuwa anainua ukuta wa chungu kwa vidole huku anakizunguka yeye mwenyewe akitembea kinyumenyume, na nikataka nione kinaishaje. Nikaona kinaishaje. Mablanketi yaliposhushwa na mwanga kuingia, benchi pembeni yangu lilikuwa tupu na mama alikuwa ameshateremka kituoni kutafuta gari la Soni.

Mume wangu hakunifokea. Nilimkuta karakanani anapiga randa ubao uliokwisha kunyooka. "Umenipeleka nikamwone mama vile," akasema, na hakuniangalia. Siku iliyofuata alikwenda kwa mjomba wake, wakatafuta mbuzi na doti ya kanga, wakampelekea baba yangu kwa taratibu zote, kama vile kosa ni lake. Wazee wakapokea, wakasema maneno ya kusafisha, wakala mbuzi. Lakini mbuzi huondoa kosa la mtu aliyefanya bila kukusudia, na pale walimchinjia mtu ambaye hakufanya kitu.

Mimi nikakaa nasubiri zamu yangu. Baba yangu ni mtu anayeweza kupiga kelele nyumba nzima kwa ajili ya jembe lililolala nje, na nilijua atakuja. Hakuja. Alinitumia salamu na maharage. Shangazi zangu, ambao nao walionekana kwenye picha na kanga zao juu, hawakuniletea neno lolote. Wifi yangu, ambaye kwa kawaida hanipi hata nafasi ya kukosea mara mbili, aliniuliza tu habari za tumbo. Nilikwenda nyumbani mwenyewe mwisho, na mama akanipikia, akaniuliza kama miguu inavimba, akanisindikiza. Vyungu vilikuwepo, alikuwa anafinyanga kama kawaida. Kuhusu picha, kimya.

Basi polepole nikaanza kupumua. Nikajiambia labda limepita. Nikaanza hata kuikumbuka ile picha kwa raha nikiwa peke yangu, wakati wa kusahihisha madaftari, na kila nikiikumbuka nafurahi halafu najichukia, na kesho yake narudia.

Siku za kuzaa zilipokaribia, mama alituma ujumbe kupitia kwa mama mdogo. Atakuja, lakini mkwe ahame nyumba. Hawezi kulala chini ya paa moja naye, hawezi hata kukutana na uso wake mlangoni. Mume wangu alifungasha nguo zake siku hiyohiyo akahamia kwa kaka yake, na nilipojifungua mtoto wa kike alikuwa anakuja kumwona dirishani. Mama anamfunga mtoto vizuri, ananipa mimi, mimi ninampitisha dirishani, na mama anajifungia jikoni mpaka aondoke. Mtu na mtoto wake wa kwanza, anamshika akiwa amesimama nje kwenye baridi ya Lushoto. Naye alikuwa anasema ahsante.

Mama alinikanda kila asubuhi. Anachemsha maji na majani yake, anachovya kitambaa, anakikamua, anakibandika tumboni kikiwa cha moto mpaka nalia, halafu ananikandamiza kwa viganja vile vya udongo. Nilikuwa na raha ya kuwa mtoto tena. Na mtu akiwa na raha mdomo wake unalegea. Asubuhi moja alikuwa ananisimulia habari za jirani aliyejenga kwenye kijiji kipya, nami nikamwambia hiyo ingefaa kuwekwa kwenye picha. Nikaanza kumweleza picha zinavyokuwa nzuri watu wasipojua wanatazamwa. Nikamweleza zile za mwaka wa kwanza, jinsi tulivyojazana ukumbini wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, mpaka wengine wakasimama, na mimi sikukosa hata siku moja.

Mikono ya mama ikasimama tumboni kwangu.

"Mwaka wa kwanza," akasema. "Kabla hujamleta yule binti kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ulikuwa umeshaona jinsi zinavyotazamwa."

Ningeweza kudanganya. Nilishakuwa hodari. Lakini nilikuwa nimelala chali uchi mbele yake, na kitambaa kilikuwa kinapoa juu yangu. "Nilikuwa nimeona," nikasema.

Alikichukua kitambaa akakichovya. Alikikamua muda mrefu, mpaka hakuna tone linalotoka.

"Baba yako alitaka kuja kukulaani," akasema. "Nilishika mlango. Shangazi zako walitaka nisikanyage hapa. Wazee walipopokea ule mbuzi wakaniuliza mbele ya watu, na huyu binti yako je, alijua? Mimi nikasimama, mimi mwanamke waliyeniona mapaja, nikawaambia mwanangu hakujua. Nimeapa kanisani mwanangu hakujua."

Nikasema, "Mama."

"Geuka," akasema. "Nikukande mgongo."

Nikageuka.